Chakula cha Nyoka wa Kufugwa: Hesabu Kabla ya Kufungua Pochi

Dada yangu anayeishi Leicester alinipigia simu Jumapili jioni, sauti imempanda. Mwanawe ametimiza miaka 15, na zawadi aliyoiomba ni nyoka. Baba mtu amekubali, nyoka keshafika, na sasa kijana anataka nafasi ya kuweka panya kwenye friza, jirani na sambusa za futari. "Kaka, nifanyeje? Na hao panya wenyewe ni bei gani?"

Swali la pili ndilo la maana, na wengi hawaliulizi mpaka nyoka awe tayari ndani ya nyumba. Tena lina haraka. Nyoka mchanga hula kila baada ya siku tano hadi saba, kwa hiyo mzazi hana mwezi mzima wa kuzunguka madukani akilinganisha bei. Nimefuga nyoka hapa Uingereza miaka tisa. Bei nitakazotaja ni zile ninazolipa mimi. Za mtaani kwako zitapanda au kushuka kidogo, lakini hesabu itakwenda vilevile.

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili: nunua panya waliogandishwa, wa mwili mzima, wa ukubwa unaomfaa nyoka wako leo. Agiza wengi kwa mkupuo mmoja ikiwa tu unaweza kugawana gharama ya usafiri na mfugaji mwingine. Usinunue walio hai, na usiwafuge mwenyewe.

Kwanza tuelewane maneno. Sisi Waswahili tunamwita panya kila mwenye mkia wa namna ile, lakini dukani ni wanyama wawili wenye bei mbili. Hapa nitamwita kipanya yule mdogo, ambaye akikomaa ana gramu 20 hadi 30. Panya ni yule mkubwa, ambaye akiwa angali kijana tu anafika gramu 80, na akikomaa hupita gramu 200. Wote huuzwa kwa umri: wachanga wekundu wasioota manyoya, walioanza kuota manyoya, walioachishwa kunyonya, kisha wakubwa. Kosea hapo na utakuwa umelipia chakula ambacho nyoka wako hawezi kukimeza.

Kipimo ni rahisi. Mnyama asizidi unene wa nyoka pale alipo mnene kuliko pote. Ukitaka uhakika, chukua mizani ya jikoni ya kidijitali, ya pauni 8 au 10, mweke nyoka kwenye kopo lenye mfuniko, umpime. Kwa nyoka mdogo, mlo uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Nyoka wa mpwa wangu alikuwa na gramu 60 tulipompima, kwa hiyo mlo wake ni gramu 6 hadi 9, yaani kipanya mmoja aliyeanza kuota manyoya. Baba yake alikuwa ameshanunua pakiti ya vipanya wakubwa kwa sababu "atakua tu." Atakua, ndiyo, lakini si wiki hii. Pakiti ile ilirudi chini kabisa ya friza kungoja.

Nyoka wa mpwa wangu ni yule Waingereza wanayemwita nyoka wa mahindi, mwenye asili ya kusini mashariki mwa Marekani. Kwa mwenye fedha za kubana, huyu ndiye ninayempendekeza. Anakula bila ubishi, akikomaa anafika mita moja na nusu hivi, na anaishi miaka 15 hadi 20. Akiwa mtu mzima, kipanya mmoja mkubwa kila baada ya siku 10 hadi 14 anamtosha. Chukua siku 12: ni vipanya 30 kwa mwaka. Duka la mtaani linaniuzia mmoja kwa pauni 1.50, kwa hiyo mwaka mzima ni pauni 45. Ni chini ya pauni 4 kwa mwezi. Paka hali kwa fedha hiyo.

Mwingine maarufu ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi, anayeuzwa hapa kwa jina la chatu wa kifalme. Huko kwao, Ghana, Togo na Benin, wamekusanywa kwa wingi mno kwa ajili ya biashara hii, lakini siku hizi wengi wanazaliwa humuhumu Ulaya, na hao ndio wa kununua. Ni mpole, hujikunja kama mpira akiogopa, na anaweza kuishi miaka 20 hadi 30. Hesabu yake inahitaji utulivu, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotelea.

Chatu huyu akikomaa anakuwa na kilo moja na nusu hivi. Mlo wa mtu mzima hupungua hadi karibu asilimia 5 ya uzito, sawa na gramu 75, kila baada ya wiki mbili mpaka nne. Gramu hizo unazipata kwa njia mbili: panya mmoja kijana, ambaye namnunua pauni 2.20, au vipanya watatu wakubwa kwa pauni 4.50. Kwa mlo mmoja kila wiki tatu, mwaka una milo 17. Kwa panya unalipa pauni 37.40. Kwa vipanya unalipa pauni 76.50. Nyoka yuleyule, shibe ileile, tofauti ya pauni 39 kila mwaka, na huyu ni mnyama wa miaka 20.

Kwa nini basi mtu anunue vipanya? Kwa sababu chatu huyu hushika harufu ya chakula cha kwanza na kukataa kingine. Aliyelelewa kwa vipanya anaweza kumtazama panya kama anavyotazama jiwe. Ndiyo maana nasema mzoeze panya tangu mdogo, wakati kitoto cha panya na kipanya ni karibu bei moja. Yeyusha kitoto cha panya ndani ya mfuko mmoja na kipanya, wasuguane, harufu ihamie, kisha mpe yule wa panya. Wengi hukubali baada ya majaribio machache. Nyoka wa mahindi hana shida hiyo. Yeye abaki na vipanya wake maisha yote, kwa kuwa mmoja anamtosha.

Sasa tuje kwenye pa kununua. Mtandaoni kipanya mkubwa ninampata kwa senti 90 za pauni, na ukilinganisha na pauni 1.50 ya dukani mkono unakimbilia simu. Subiri uone gharama ya usafiri. Mzigo wa barafu hauendi kwa posta ya kawaida. Unafungwa kwenye sanduku la povu na kuletwa siku ya pili, na hilo linanigharimu pauni 10 kila safari. Wapo wauzaji wanaotaka uagize kiasi fulani kwanza, wengine wanaongeza malipo ukitaka uletewe Jumamosi. Na kama hamna mtu nyumbani mzigo unapofika, sanduku linakaa nje juani, na kilichoyeyuka chote hakirudishwi kwenye friza.

Turudi kwa vipanya 30 wa nyoka wa mahindi. Ukiagiza wote mara moja, unalipa pauni 27 na usafiri 10, jumla 37. Umeokoa pauni 8 dhidi ya duka. Lakini ukiagiza mara mbili kwa mwaka, 15 kila safari, jumla inakuwa pauni 47: umelipa pauni 2 zaidi ya dukani, na umesubiri mlangoni siku mbili. Bei ya senti 90 haikukudanganya, lakini haikukueleza yote.

Na kuagiza wote mara moja kuna gharama yake. Panya waliogandishwa wanabaki wazuri miezi sita hadi mwaka; wakipita hapo wanakauka na lishe inapungua. Friza iwe na nafasi. Nyoka awe amefika ukubwa wake wa mwisho, kwa maana kumnunulia nyoka mchanga pakiti ya vipanya 100 wekundu ni kutupa fedha. Baada ya miezi michache tu atawapita kimo. Kwa mwaka wa kwanza nunua kumikumi dukani, ghali kidogo lakini hakuna kinachobaki. Kuanzia hapo, tafuta mfugaji mwenzako, muagize pamoja, mgawane zile pauni 10. Mimi naagiza na jirani mwenye nyoka watatu. Kila mmoja analipa pauni 5 kwa safari, na kwa safari mbili tunarudi kwenye pauni zilezile 37, bila kulaza chakula mwaka mzima.

Wengine huniuliza kuhusu panya hai. Sipendekezi hata bei yake ikiwa ya kutupa. Panya aliye hai ana meno, na nyoka asiye na njaa siku hiyo atang'atwa akiwa amejikunja kwenye kona. Nimeona majeraha yanayofika hadi mfupa. Panya mwenyewe anateseka pia, na hilo si jambo dogo. Aliyegandishwa aliuawa haraka kwa gesi kabla hajafika kwako.

Kufuga panya wako mwenyewe ili uwalishe nyoka kunasikika kama akili ya mtu mwenye kubana matumizi. Kaa na hesabu kidogo. Unahitaji tundu, maranda ya kubadilisha kila wiki, chakula cha kila siku, na njia ya kuwaua bila mateso. Vipanya dume wananuka, harufu inapanda mpaka ngazi ya jirani. Yote hayo kwa nyoka anayekula kipanya mmoja kila siku 12? Mwenye nyoka 40 afuge. Wewe mwenye mmoja, nenda dukani.

Vifaranga wa siku moja ni rahisi kuliko panya, kwa sababu ni mabaki ya mashamba ya kuangulia kuku wa mayai. Wanafaa mara mojamoja kwa nyoka mkubwa, lakini si chakula cha kutegemea, na kinyesi kinakuwa laini na chenye harufu kali. Umeokoa senti, umeongeza kufua matandiko.

Nyama ya buchani iache. Paja la kuku au nyama ya kusaga haina mifupa, haina ini, haina utumbo. Nyoka humeza mnyama mzima kwa sababu mwili wake unahitaji kalsiamu ya mifupa na vitamini iliyo kwenye ini. Nyoka anayelishwa minofu hataonyesha shida mwezi huu wala ujao. Utaiona baadaye, mifupa ikiwa imeshadhoofika, na daktari wa wanyama wa aina hii hatibu kwa bei ya maziwa.

Na panya wa kunasa kwenye mtego gerejini, wa bure kabisa? Huyo ndiye ghali kuliko wote. Hujui kama amekula sumu ya panya kwa jirani, na hujui ana minyoo gani. Sumu zile hubaki kwenye mwili wa panya na kumwingia anayemla.

Kwa familia ambayo haitaki kabisa panya kwenye friza, zipo njia mbili, zote zina masharti. Kuna nyoka mwembamba wa Marekani aitwaye gata, anayekula samaki na minyoo ya ardhini. Samaki anapatikana kila mahali, lakini baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na nyoka akila hao tu anaanza kutetemeka. Kwa hiyo ni lazima ubadilishebadilishe, na trauti au salmoni ndio salama, wala si samaki wa bei ya chini. Akila samaki, kinyesi chake ni cha mara kwa mara na kinanuka.

Wa pili ni nyoka mla mayai, anayepatikana hata Afrika Mashariki. Huyu hali kitu kingine maishani mwake ila mayai ya ndege: hulimeza yai zima, hulivunja kooni kwa miiba ya uti wa mgongo, hunywa kilichomo na kutema ganda. Mtu akisikia hivyo anadhani tatizo limekwisha. Lakini yai la kuku ni kubwa mno kwa wengi wao, na wadogo wanahitaji mayai ya ndege wadogo sana ambayo hayauzwi dukani. Usimnunue mpaka uwe umempata mfugaji wa ndege atakayekuuzia mayai hayo mwaka mzima.

Kwa ndugu wanaosoma haya wakiwa Kenya au Tanzania, neno moja: huko nyoka wa porini ni wanyamapori, wako chini ya sheria ya 2013 Kenya na ile ya 2009 Tanzania. Kumfuga bila kibali ni kosa, na faini haiingii kwenye hesabu yoyote ya chakula. Usimwokote.

Sasa gharama ambazo hazimo kwenye lebo. Ya kwanza ni friza. Dada yangu alisema wazi kwamba panya hawatalala na sambusa zake, na ana haki. Sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kubana, la pauni 4, ndani yake mfuko uliofungwa vizuri, linatosha kiafya kama friza ina droo ya chini ya kulitenga. Friza ndogo ya mtumba ni pauni 50, lakini umeme wake wa mwaka unaweza kufikia bei ya chakula chenyewe. Tulianza na sanduku. Limewekwa alama kwa wino mwekundu, na hakuna mwingine anayeligusa zaidi ya kijana na baba yake.

Usafi usiufanyie ubahili. Barafu haiui bakteria wa salmonela. Hapa Uingereza ugonjwa ulioanza kuonekana 2015 ulihusishwa na vipanya waliogandishwa wa kulisha wanyama, na kufikia 2021 watu zaidi ya 850 walikuwa wameugua, karibu nusu yao watoto wa chini ya miaka 10. Kwa hiyo usiyeyushe panya juu ya meza ya kupikia, usitumie maikrowevu, na tenga jagi moja lisilotumika kwa kitu kingine. Mlaze panya ndani ya mfuko uliofungwa kwenye friji, ndani ya sanduku lake, usiku kucha. Kesho yake tia mfuko kwenye jagi la maji ya moto yasiyochemka, mpaka mwili uwe na joto kama la kiganja chako. Mshike kwa kibano kirefu, cha pauni 5, siyo kwa vidole. Osha mikono kwa sabuni. Watoto wadogo wakae mbali.

Gharama nyingine ni chakula kinachokataliwa. Panya aliyeyeyuka hagandishwi tena. Nyoka akimkataa, unatupa. Nyoka wa mahindi hakutii hasara hiyo mara nyingi. Chatu yule wa Afrika Magharibi anaweza kugoma miezi kadhaa, hasa majira ya baridi, bila ugonjwa wowote. Akigoma, usimpelekee mlo kila siku tatu. Mpe mmoja baada ya wiki mbili, usiku, taa zimezimwa, kichwa cha panya kimepashwa moto zaidi. Mpime uzito. Akiwa hajapungua, mwache. Akipungua zaidi ya asilimia 10, mpeleke kwa daktari.

Hapa nilipigwa mwenyewe. Chatu wangu wa kwanza nilimnunua kwa muuzaji aliyempunguza bei kwa pauni 20 na kuniambia "anakula vizuri." Alikuwa anakula vizuri, ila vipanya walio hai tu. Ilinichukua miezi minne kumbadilisha. Nilitupa vitoto tisa vya panya, vya pauni 1.50 kila kimoja, na nikalipa pauni 60 kwa daktari aliyenihakikishia kwamba haumwi. Jumla pauni 73.50, kwa ajili ya punguzo la 20.

Pia angalia joto la kizimba kabla ya kulaumu chakula. Nyoka asiye na sehemu ya joto la kutosha, nyuzi 30 hivi, hawezi kusaga alichomeza. Atakitapika, na mlo umeenda. Akishakula, asishikwe kwa saa 48.

Na usimlishe kupita kiasi ukidhani unamwonea huruma. Nyoka mnene anakula fedha yako na anaishi miaka michache. Mtazame kutoka juu: ukiona nyama zinabonyea karibu na mkia, au ngozi inaonekana katikati ya magamba hata asipokula, ongeza siku kati ya mlo na mlo. Hiyo ni akiba isiyo na hasara kwa yeyote.

Kama bado hujalipia nyoka, muulize muuzaji mambo matatu: anakula nini, amekula mara ngapi, na lini mara ya mwisho. Mwombe amlishe mbele yako panya aliyegandishwa, au akuonyeshe kumbukumbu alizoandika. Akisitasita, ondoka, hata akishusha bei. Na kumbuka sheria ya hapa hairuhusu kumuuzia mnyama mtoto wa chini ya miaka 16. Risiti itatoka kwa jina lako mzazi, na chakula cha miaka 20 ijayo kitakuwa juu yako wewe.